Taa za gari la Japani kwenye barabara za Goma: rekebisha mwanga kabla ya kununua ampuli kali

Magari mengi yanayotembea Goma yametoka Japani, na usukani wake uko kulia. Dereva huzoea usukani haraka. Taa za mbele hazigusi, na huko ndiko hatari ilipo. Japani wanaendesha upande wa kushoto. Sisi Kongo tunaendesha kulia, sawa na jirani zetu wa Rwanda. Taa iliyotengenezwa kwa barabara ya kushoto haiwezi kufanya kazi yake kwenye barabara ya kulia, hata ukiiwekea ampuli (balbu) ya bei gani.

Sababu yake inaonekana ukutani. Mwanga wa chini, ule tunaouita kode, una mpaka mkali kwa juu. Upande ambao gari lingine linakuja, mpaka huo umelala, ili usimpige dereva mwenzako machoni. Upande wa ukingo wa barabara, mpaka unapanda kwa mshazari, kwa kawaida nyuzi 15 hivi, ili uone mbali pale wanapopita watu wa miguu. Kwenye taa ya Japani mshazari huo unapanda kushoto. Hapa kwetu kushoto ndiko magari yanakotokea, kwa hiyo unampofusha kila unayekutana naye. Halafu ukingo wako wa kulia, pale anapopita mama na mzigo kichwani, pale anaposukuma mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, isiyo na taa hata moja, unabaki gizani. Madhara mawili kwa kosa moja. Usiku kwenye barabara ya Sake au ya Rutshuru, hilo la pili linanitia hofu kuliko la kwanza.

Kwa hiyo kazi inaanzia ukutani. Tafuta ukuta mweupe na nafasi ya mita 10 mbele yake. Kama kiwanja ni kidogo, mita 5 zinatosha. Shida ya Goma ni ardhi: viwanja vingi vimejaa mawe ya volkano, na gari likiinama hata kidogo vipimo vyote vinakuwa uongo. Chukua kamba ya mwashi. Ianzie chini kabisa ya tairi la nyuma, pale linapogusa ardhi, ipitishe chini ya tairi la mbele mpaka ukutani, uivute ikaze vizuri. Ikigusa ardhi kwenye tairi zote mbili, pale inapofika ukutani ndipo sifuri yako ya kupimia urefu. Fanya hivyo pande zote mbili za gari. Kama kamba ya kulia na ya kushoto hazifiki ukutani kwa kimo kimoja, kila taa ipime kwa sifuri ya upande wake.

Kabla ya kuwasha, jaza tairi upepo unaoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, toa mizigo yote nyuma, weka mtu kwenye kiti cha dereva. Kama kwenye dashibodi kuna kile kigurudumu kidogo chenye namba 0 mpaka 3 au zaidi, kiweke 0. Kigurudumu hicho ni cha kushusha taa unapobeba mzigo. Ukirekebisha kikiwa kwenye 2, siku utakayopakia magunia ya makala hutakuwa na nafasi ya kutosha ya kushusha.

Pima kutoka ardhini mpaka katikati ya ampuli. Tuseme ni sentimita 65. Weka alama ukutani kwa kimo hicho hicho juu ya sifuri yako, halafu piga mstari mwingine chini yake: sentimita 10 kama gari liko mita 10, sentimita 5 kama liko mita 5. Hiyo ndiyo asilimia 1 ya kushuka. Gari linalobeba mara kwa mara liwekee asilimia 1.3, yaani sentimita 13 kwa mita 10. Washa mwanga wa chini, ziba taa moja kwa kitambaa kisichogusa kioo chenye moto, rekebisha nyingine. Kila taa ina skrubu mbili nyuma au juu yake: moja ya kupandisha na kushusha, nyingine ya kulia na kushoto. Huzungushwa kwa bisibisi ya nyota au ufunguo mdogo. Zungusha robo robo, ukimalizia kwa upande wa kukaza, la sivyo mtikisiko utairudisha taa chini.

Sasa tazama umbo la mwanga. Sehemu ya mlalo ikae sawasawa kwenye ule mstari wa chini. Kama mshazari unapanda kushoto, una taa ya Japani.

Mafundi wengi hapo huishusha taa yote mpaka watu waache kulalamika. Fanya hesabu. Taa ya kimo cha sentimita 65 ikishuka asilimia 1 inamulika mita 65. Ikishushwa asilimia 2 inamulika mita 32 tu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mita 32 unazimaliza kwa sekunde mbili, na kusimama kwenye lami kavu kunahitaji mita 40 na zaidi ukihesabu muda wa mguu kufika kwenye breki. Hujamsaidia mtu, umebadilisha upofu wa mwenzako kuwa upofu wako. Kuigeuza taa kuelekea kulia nako hakuponyi: kona ya mshazari inasogea tu.

Dawa ya kweli ni kuweka taa za gari hilo hilo zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Toyota, Nissan au Suzuki ile ile iliuzwa pia Ulaya au nchi za Ghuba, na mara nyingi taa zake zinakaa kwenye matundu yale yale. Unapochagua kati ya vipuri vilivyotumika, kwenye soko la Birere hapa Goma au kwingineko, soma kioo. Kama kuna herufi E ndani ya duara, tafuta mshale wa mlalo karibu nayo. Simama mbele ya taa uitazame: mshale unaoelekea mkono wako wa kulia maana yake ni taa ya barabara ya kushoto, iache. Mshale wenye ncha mbili, taa inaweza kubadilishwa kwa pande zote. Bila mshale wowote, ni ya kulia, ndiyo unayotaka. Taa ya soko la ndani la Japani inaweza isiwe na alama hiyo kabisa, kwa hiyo usilipe kabla ya kuiunganisha kwenye batri na kuona mwanga wake ukutani. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, muage.

Kama taa hizo hazipatikani au pesa haitoshi, ziba mshazari. Kata vipande vya karatasi nyeusi, washa taa, mtu mmoja asogeze karatasi juu ya kioo huku mwingine akitazama ukuta. Kuna mahali karatasi ikifika, mshazari unapotea na mlalo unabaki. Weka alama, zima, acha kioo kipoe, kisafishe kwa spiriti, bandika utepe wa alumini wenye umbo hilo hilo. Karatasi isikae zaidi ya sekunde chache kwa sababu ampuli ya halojeni, ile ya kawaida yenye uzi, inachoma plastiki. Utapoteza mwanga kidogo na ukingo wa kulia hautaongezeka, lakini hutampofusha mtu. Njia hii haifai kwa taa zenye lenzi ya duara kama jicho: ukibandika kitu juu ya lenzi hiyo, mwanga wote unapungua na mshazari unabaki. Mpaka wa taa za namna hiyo unakatwa na kibati kilicho ndani. Na kama ni taa ya zenoni, inayowaka kwa gesi badala ya uzi, usifungue chochote kabla ya kutoa waya wa batri. Kiwashio chake hupiga volti maelfu mengi.

Baada ya umbo kuwa sawa, ndipo tuzungumze juu ya nguvu ya mwanga. Taa dhaifu mara nyingi ni waya dhaifu. Halojeni inaadhibu upungufu wa volti vikali: ikipata asilimia 90 ya volti zake, inatoa mwanga kama asilimia 70 tu. Washa injini na taa, pima batri kwa kipimio cha volti: unataka kati ya volti 13.5 na 14.5. Chini ya 13.2, kagua mkanda wa alternata (mashine inayochaji batri) kama unateleza, kisha makaa yake. Batri ikiwa sawa, weka waya mmoja wa kipimio kwenye chanya ya batri na mwingine kwenye waya wa chanya nyuma ya ampuli, taa ikiwa imewaka. Ukisoma zaidi ya 0.5, volti zinaliwa njiani: swichi, rele (swichi inayoendeshwa na umeme), fyuzi au kiunganishi. Fanya vivyo hivyo kati ya waya wa masi wa taa, ule unaorudisha umeme kwenye mwili wa gari, na hasi ya batri. Hapo zaidi ya 0.2 ni ugonjwa. Angalia jambo moja: kwenye Toyota nyingi swichi haikati chanya, inakata masi. Ampuli ya aina ya H4, yenye nyuzi mbili, ya gari hilo inapata chanya kwenye waya wa pamoja, na swichi inachagua ni masi ipi ifungwe. Fundi anayeunganisha rele bila kupima kwanza atachoma fyuzi au atapata taa zisizozimika.

Masi ndiyo inayoharibika sana hapa. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi ya salfa, mvua inashuka na asidi, na viunganishi vya shaba vinaota kutu ya kijani. Fungua bolti ya masi karibu na taa, sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, safisha pete ya waya, kaza, halafu paka vazelini juu. Kazi hiyo ya dakika chache inaweza kuongeza mwanga kuliko ampuli mpya.

Ampuli zenyewe: H4 ya kawaida ni wati 60 kwa mwanga wa juu na 55 kwa mwanga wa chini; H7 na H11 ni 55. Zile za 100/90 zinavuta zaidi ya ampea 8 kila moja, zinayeyusha soketi ya plastiki na kuunguza kioo cha ndani kinachorudisha mwanga. Kikishaungua hakirudi. Ampuli za LED zinazochomekwa kwenye taa ya halojeni nazo sizishauri: chanzo cha mwanga hakikai pale pale ulipokuwa uzi wa halojeni, basi mpaka ukutani unachanika na mwanga unaruka juu. Zinaonekana kali kwa sababu zinamulika karibu na bampa; kwa mbali zinakuacha.

Kama ampuli zinakufa mara kwa mara, itazame iliyokufa kabla ya kuitupa. Uzi umekatika na kioo kiko safi: taa inatikisika, kagua masikio ya plastiki yaliyovunjika. Kioo cheusi au chenye rangi ya fedha: imechoka, au alternata inapiga zaidi ya 14.8. Unga mweupe ndani: hewa imeingia. Na usishike kioo kwa vidole. Mafuta ya mkono yanakipasua kikipata moto. Ukishakigusa, futa kwa spiriti.

Mwanga unaorukaruka barabarani, hiyo si taa. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, uachie. Inatakiwa kupanda na kutulia. Ikiendelea kunesa, au ukiona mafuta yametiririka kwenye amortisa (kizuia mtikiso), badilisha mbili za ekseli hiyo pamoja. Springi za nyuma zilizolala zinainua pua ya gari, na kila taa uliyoipima kwa kamba inatazama miti. Kwa hiyo springi kwanza, ukuta baadaye, na ukibadilisha springi rudi ukutani.

Kioo cha plastiki kilichogeuka manjano kisuguliwe kwa msasa wa maji namba 800, 1000, 1500, 2000 na 3000 kwa mfuatano huo, kikilowana muda wote, kisha dawa ya kung'arisha, kisha vanishi inayozuia miale ya jua. Ukiruka vanishi, manjano itarudi baada ya miezi michache. Dawa ya meno ni ya siku chache tu. Vumbi letu jeusi ni jiwe lililosagika: mwaga maji kwanza, usipanguse kioo kikavu.

Nyuma ya gari mambo ni mepesi. Ukikanyaga breki na indiketa ikafifia, au taa ndogo ikicheza pamoja na indiketa, usibadilishe ampuli. Masi ya taa hiyo imeoza na umeme unatafuta njia kupitia uzi mwingine. Indiketa inayopiga haraka ina ampuli moja iliyokufa upande huo. Breki ikikataa kuwaka pande zote mbili, anza na fyuzi, kisha ile swichi ndogo juu ya pedali: ichomoe kiunganishi chake, unganisha nyaya mbili za taa za breki kwa kipande cha waya. Zikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Kwenye boksi la gari weka ampuli moja ya mbele, moja ya wati 21/5 na moja ya 21, pamoja na fyuzi za ampea 10, 15 na 20.