Nilivyofanikiwa kuifanya hamira ijimeng'enye yenyewe

Mara ya kwanza niliichemsha. Niliamini seli zikifa kwa moto zitaachia kila kilichomo, nami nitapata supu nzito ya hamira. Nilipata uji mweupe. Niliuacha siku nzima, haukubadilika hata kidogo.

Kosa langu nililielewa baadaye. Ndani ya seli ya hamira mna kifuko kiitwacho vakuoli, kinachohifadhi vimeng'enya vya kukata protini. Seli ikiwa hai, vimefungiwa humo. Ikifa, tando hulegea, vimeng'enya humwagika na kuanza kuila seli kutoka ndani. Mimi kwa kuchemsha nilikuwa nimeviua navyo, kwa hiyo maiti zilikuwepo ila wa kuzivunja hakuwepo.

Safari ya pili nilikoroga gramu 50 za hamira kavu katika mililita 250 za maji ya vuguvugu, nikatia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye seli na kuharakisha kifo chake, tena huwazuia baadhi ya bakteria. Jagi nikaliweka ndani ya sufuria ya maji ya nyuzi 50 za Selsiasi, nikaifunika kwa blanketi. Joto hilo huiua seli bila kuviharibu vimeng'enya vyake. Kulishikilia ndiko kulikonitesa: kipimajoto mkononi, maji ya moto kuongeza kila baada ya saa mbili, usiku kucha. Asiyekuwa na subira ya kukesha asianze.

Baada ya saa kumi hivi, uji uliokuwa mzito ulikuwa umelegea na kuwa majimaji, rangi imegeuka kahawia, na harufu ya unga uliochacha imekuwa ya mchuzi. Nilifurahi mno! Baada ya saa 24 nikaupasha hadi nyuzi 90 kwa robo saa, vimeng'enya visiendelee, kisha nikauacha utulie kwenye friji.

Asubuhi maji ya juu yalikuwa safi, yenye ladha ya nyama ilhali nyama haikuingia. Ladha hiyo inatokana hasa na asidi ya glutamiki, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imefungwa ndani ya protini. Chini yalibaki mashapo meupe: kuta za seli. Zimejengwa hasa kwa glukani, sukari zilizosukwa minyororo migumu, na vimeng'enya huzitoboa tu bila kuzimaliza. Nimeyahifadhi, nataka niyatazame kwa hadubini.