Elfu Kumi na Nne za Kondele

Jana kwenye foleni ya supamaketi mtoto wa kakangu alinivuta shati. "Baba mdogo, bei ya kwenye rafu ni nyingine, ya mashine ni nyingine. Tunalipa ipi?" Tulilipa ya mashine. Lakini swali lake lilinirudisha Kondele, mtaa wa Kisumu, kwa babake, Jumamosi moja ya Agosti 2018.

Ligi ya Uingereza ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Timu kubwa ilikuwa nyumbani, ikicheza na iliyopanda daraja. Kwingine kote odi ya mwenyeji, yaani bei ambayo dau huzidishwa nayo ukishinda, ilikuwa 1.40, ila kampuni moja ya kubeti iliandika 14.00. Kakangu, ambaye mkeka wake wa kawaida, yaani dau lake, ni shilingi hamsini, aliweka elfu moja, na ndani yake mlikuwa na pesa ya mwenye pikipiki aliyokuwa akiiendesha. Dau likapokewa, ujumbe ukaingia. Mwenyeji akashinda.

Tulikuwa kwa mama wa chai, nyuma ya stendi ya boda. Kaka alinisogezea simu yake yenye ufa. "Ona, omera," yaani ndugu yangu. Salio: 14,000. Nilisoma mara mbili, mama wa chai naye akainama kuona. Kaka tayari alikuwa anataja bei ya tairi la nyuma, na karo. Kisha akafungua ukurasa upya ili atoe pesa, na salio likawa 1,400. Akapangusa kioo kwa pindo la jaketi, taratibu, kama mtu anayeondoa vumbi. Akafungua tena. 1,400.

Alipiga simu, akaweka spika. Binti aliyepokea alikuwa na adabu sana. "Pole mteja wetu, ile odi ilikuwa kosa la wazi. Tumekulipa kwa bei sahihi."

"Dada yangu," kaka alisema, bila kupaza sauti, "mwezi wa tatu kidole changu kiliongeza sifuri. Nilitaka mia, ikaenda elfu. Niliwapigia hapo hapo. Mkaniambia dau likishapokewa limepokewa. Lile halikuwa kosa la wazi?"

Binti akasema pole tena.

Jioni ile nilimsomea masharti yote. Kifungu kilikuwepo, na kampuni nyingi za kubeti duniani huwa nacho: bei ikiwa na kosa lililo dhahiri, kampuni inaweza kufuta dau na kurudisha pesa, au kulilipa kwa odi iliyostahili. Sababu yake naielewa. Odi zinabadilika kila dakika, nyingine zinatoka kwa kompyuta za wauzaji wa takwimu, nyingine zinaandikwa kwa mkono. Nukta ikiteleza, au bei ya mwenyeji ikiandikwa kwa mgeni, kampuni inaweza kupata hasara kubwa kwa mechi moja.

Mwezi uliofuata ikaja habari ya Marekani. Kule New Jersey, ambako kubeti michezo kulikuwa kumehalalishwa mwaka huo huo, mtu aliweka dola 110 kwa Denver dhidi ya Oakland, timu za futiboli ya Kimarekani, wakati mechi inaelekea kuisha. Mtambo wa kampuni ya kubeti ya FanDuel ulikuwa umetoa bei ya 750 kwa 1, wakati haki yake ilikuwa faida ya dola kama 18 hivi. Denver wakashinda. Kampuni ilikataa kwanza, ikampa ofa ya dola 500, akagoma. Siku chache baadaye ikamlipa zaidi ya dola 82,000. Kaka aliniomba nimsomee habari ile hadi mwisho, kisha akauliza kama wale walikuwa na masharti. Walikuwa nayo.

Nilimuuliza basi jambo lililokuwa likinisumbua: "Ulijua ni kosa?"

"Nilijua ni bei," akasema. "Na bei ni yao."

Elfu moja ya mtu wa hamsini inanionyesha kwamba alijua, na kwa hilo siwezi kumtetea kikamilifu. Lakini odi ile ilikaa pale tangu asubuhi hadi mpira ukaanza, na hakuna aliyeigusa. Ilirekebishwa baada ya kipenga cha mwisho, aliposhinda. Nilipekua masharti yale tena kutafuta mahali palipoandikwa kwamba, endapo timu ingepoteza, wangemrudishia elfu yake kwa sababu bei ilikuwa na kosa. Sikupaona.