Siku Tulipoipima Kenya kwa Zebaki

Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Nilikuwa wakili mchanga, nimepata kibarua na kikosi cha wataalamu kilichotakiwa kujibu swali moja: je, Kenya iko tayari kuridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kulinda watu na mazingira dhidi ya zebaki? Serikali ilikuwa imetia saini Japani, Oktoba 2013. Saini peke yake haifungi nchi. Mkataba ulikuwa umeshaanza kutumika Agosti 2017 baada ya nchi 50 kuridhia, nasi hatukuwa miongoni mwao. Na makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lililoitisha mazungumzo yale, yako papa hapa Gigiri, Nairobi. Kikao kimoja cha majadiliano kilifanyika Nairobi mwaka 2011. Ni kama arusi iliyopangwa sebuleni kwetu, kisha siku yenyewe tukabaki tukichungulia dirishani.

Siku ninayoikumbuka ni ile ya kuhakiki rasimu, katika hoteli moja ya Upper Hill. Walikuwepo maafisa wa mazingira, wa madini na wa forodha, daktari wa meno, watu wa mashirika, na mwenyekiti wetu, mkemia mstaafu mwenye sauti ya kuhubiri. Nyuma kabisa, karibu na meza ya chai, alikaa mama mchimba dhahabu aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Migori. Jina lake lilikuwa mwisho wa orodha ya waalikwa.

Rasimu yenyewe ilikuwa jedwali refu. Kushoto vifungu vya mkataba, kisha sheria ya Kenya inayohusika, kisha pengo lililopo, na mwisho rangi: kijani tukiwa tayari, manjano tukikaribia, nyekundu tukiwa mbali. Jedwali lilipendeza ukutani. Mimi mwenyewe nilisaidia kujaza safu ya sheria, kazi rahisi kwa mtu aliyetoka chuoni juzi. Katiba ya 2010, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya, na Sheria ya Mikataba ya 2012 inataka Baraza la Mawaziri na Bunge la Taifa wapitishe kwanza, wananchi nao wasikizwe. Kwa hiyo kila kijani kilikuwa na uzito: wabunge wangekitumia kusema hakuna gharama mpya.

Mzozo wa kwanza ulikuwa juu ya krimu za kung'arisha ngozi. Wakati ule mkataba ulikataza zenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni. Kenya ilikwisha kupiga marufuku sabuni na krimu za zebaki mwaka 1998, basi tukatia kijani. Afisa wa forodha, mwanamke mcheshi, akacheka kwa sauti.

"Mwenyekiti, tushuke River Road sasa hivi, nikuonyeshe hicho kijani kimepangwa rafuni."

"Madam, jedwali linauliza kama sheria ipo. Sheria ipo."

Kijani kikabaki. Nikaandika maneno yote mawili, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kulitilia shaka lile jedwali.

Afisa huyo hakunyamaza. Alisema wachimbaji hunasa dhahabu kwa zebaki, lakini zebaki inayotangazwa rasmi forodhani hailingani kabisa na dhahabu inayochimbwa magharibi mwa nchi. Mtu mmoja akapendekeza tusubiri tujipange kwanza, ndipo turidhie. Hoja hiyo niliisikia mara nyingi miaka ile na sijawahi kuikubali. Kifungu cha 3 kinaibana hata nchi iliyo nje: mwanachama hawezi kumuuzia asiye mwanachama zebaki bila idhini ya maandishi na uthibitisho kwamba afya za watu na mazingira vitalindwa. Ukikaa nje, biashara halali inakukwepa na ya magendo inakuzoea.

Kisha tukafika kifungu cha 7, wachimbaji wadogo wa dhahabu. Sheria ya Madini ya 2016 inawatambua na kuwapa vibali, kwa hiyo rasimu ilisema manjano inayoelekea kijani. Mwenyekiti akasoma mambo manne ambayo nchi lazima ipange kuyakomesha: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa, kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu hewani, kuuchoma kwenye makazi ya watu, na kutia sayanidi, sumu nyingine ya kutolea dhahabu, kwenye masalio yenye zebaki kabla ya kuitoa zebaki hiyo.

Yule mama akainua mkono.

"Hiyo ya tatu," alisema, "mimi nafanya. Nachomea jikoni, kwa sufuria kuukuu."

Chumba kizima kiligeuka. Daktari wa meno akaanza kueleza mvuke unavyoharibu ubongo na figo, na hatari yake kwa mtoto aliye tumboni. Mama alimngoja amalize, kwa adabu.

"Daktari, hayo nimeyasikia. Lakini nikichomea kule shimoni watu wanaona dhahabu yangu ni ngapi. Njiani naporwa. Jikoni nafunga mlango. Na zebaki sinunui dukani, ananipa yule anayenunua dhahabu yangu, halafu bei anapanga yeye."

Mwenyekiti akamshukuru, akataka kuendelea. Mama hakukaa.

"Nauliza tu, baba. Huo mkataba utanifikia na kile chombo cha kunasa moshi, ama utanifikia na askari?"

Afisa wa madini ndiye aliyejibu, na jibu lake lilikuwa la kweli: nchi ikisharidhia, inapewa miaka mitatu kuandaa mpango wa taifa, na mpango huo lazima uwe na mkakati wa kuwarasimisha wachimbaji na kulinda watoto na wajawazito. Mama akahesabu kwa vidole.

"Miaka mitatu ya kuandika. Haya."

Akaketi. Tulipovunja kikao kwa chai, afisa wa forodha alimfuata na mandazi mawili kwenye sahani, wakazungumza pale pembeni hadi tulipoitwa. Sikusikia walichosema, ila baada ya chai afisa alisimama akadai kifungu cha 7 kipakwe nyekundu, na kwenye safu ya pengo paandikwe usalama wa mchimbaji na deni lake kwa mnunuzi. Mwenyekiti alisema hayo si mapengo ya kisheria. Wakabishana kwa muda mrefu. Mwisho rangi ikabaki manjano, ila maneno yakakubaliwa, yakaingia kama tanbihi chini ya ukurasa. Kisha tukahamia meno: wakati ule mkataba uliorodhesha hatua tisa za kupunguza vijazo vya zebaki, nchi ichague angalau mbili. Hizo tulizimaliza haraka.

Kenya iliridhia mwaka 2023. Uganda na Tanzania zilikuwa zimetutangulia.