Asubuhi moja Durban na Mmakua wa Chatsworth

Mwaka 2016 mwezi wa saba nilikuwa Durban, Afrika Kusini, kwenye ule mkutano wa dunia wa UKIMWI. Mi ni nesi, wakati ule nilikuwa kwenye mradi wa kina mama wajawazito wanaoishi na VVU huko Mtwara, nafasi za kwenda zikatoka na moja ikaniangukia. Mkutano wenyewe sitauelezea sana, ukishakaa ukumbini unaangalia pawapointi kutwa nzima mwisho zote zinafanana, ila kuna kitu kimoja kilinigusa, kwamba mkutano huo uliwahi kufanyika mji huo huo mwaka 2000 na ndo pale mtoto Nkosi Johnson wa miaka 11 alisimama mbele ya dunia akaomba mama wajawazito wenye virusi wapewe dawa. Mwaka uliofuata akafariki. Kwa sisi wa kitengo cha mama na mtoto yule mtoto ni kama shahidi wa kazi yetu.

Sasa mkutano ukaisha Ijumaa na ndege yangu ilikuwa Jumapili. Daktari mmoja Mkenya, mtu wa Kisumu, mcheshi kweli, akaniambia dada kuna ziara ya kutembezwa kwa miguu kesho asubuhi, nusu siku tu, unapelekwa masoko ya Warwick halafu kanisa na msikiti, twende. Nikamwambia haya. Nikamuuliza dada wa mapokezi hotelini kuhusu Warwick akanikodolea macho, akasema huko hata yeye haendi na simu yake nzuri. Halafu kumbuka ilikuwa mwaka mmoja tu tangu zile vurugu za Aprili 2015, wageni Waafrika walipopigwa na kufukuzwa pale pale Durban, kwa hiyo tulishaambiana kimya kimya kwamba mtaani ni Kiingereza tu, Kiswahili tukiache chumbani.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi, mwezi wa saba ni kipupwe kule. Tulikuwa watu kama kumi hivi, Wajerumani, mama mmoja wa Ghana aliyevaa vizuri kuliko wote, vijana wa Brazil, na sisi wawili wa Afrika Mashariki. Mwongozaji alikuwa dada wa Kizulu ambaye mama yake amefanya biashara sokoni pale miaka yote, yani yeye kakua chini ya meza ya mboga. Huyo dada ndo alifanya ziara iwe ziara. Hakuwa na karatasi wala kipaza sauti, anasalimia kila mtu, mama huyu, gogo yule (gogo kwao ni bibi), anachukua chungwa meza ya mtu anaendelea kutafuna akitueleza. Akatuambia Warwick sio soko moja, ni masoko kadhaa yaliyobanana kwenye makutano ya stesheni ya Berea, stendi za mabasi na teksi zao zile ambazo sisi tunaita daladala, na kwa siku wanapita watu zaidi ya laki nne. Nikiangalia ule msongamano wala sikubishi.

Tulianza na soko la alfajiri, kwa Kiingereza wanaliita Early Morning Market, la tangu 1910. Waliolianza ni Wahindi wakulima wa bustani, watoto na wajukuu wa wale walioletwa kukata miwa Natal, ndo jimbo lenyewe la Durban, meli ya kwanza ikiitwa Truro ilifika Novemba 1860. Mpaka leo unakuta mzee wa Kihindi na mama wa Kizulu meza kwa meza, wanatukanana kwa utani kwa Kizulu. Mwaka 2009 jiji lilitaka kulivunja wajenge mall, kombe la dunia lilikuwa linakuja, wafanyabiashara wakagoma wakaenda mpaka mahakamani na soko likabaki. Dada yetu alivyokuwa anasimulia hiyo habari sauti ilipanda, watu wa meza za jirani wakawa wanaitikia kama kanisani.

Hapo ndo yalinikuta. Nilikuwa namnong'oneza daktari kwamba tangawizi zao ni kubwa kama viazi, kwa Kiswahili, nimejisahau. Kijana mmoja aliyekuwa anashusha magunia akageuka, "Mambo vipi dada, wa Bongo wewe?" Moyo ukaruka. Kumbe mtoto wa Temeke! Kaja kwa njia anazozijua mwenyewe, sikumuuliza na yeye hakusema. Cha kwanza kuuliza ilikuwa Yanga, nikamwambia wamebeba tena ubingwa, akapiga makofi peke yake pale katikati ya makabichi. Akatuambia tuzungumze tu bila woga, sokoni kila mtu ana lugha yake, ila jioni tusikae. Nikamwachia randi kidogo ya chai akazikataa mara ya kwanza, mara ya pili akachukua.

Kutoka hapo tukaenda wanakouza vichwa vya ng'ombe. Jamani. Wote ni wanawake, wana visu na mashoka madogo, wanachuna kichwa, wanachemsha kwenye masufuria makubwa, halafu nyama inakatwa juu ya ubao, chumvi, pilipili, na mkate wa mvuke mzito wanauita idombolo. Dada akatuambia kwa mila ya Kizulu kichwa ni chakula cha wanaume. Mama wa Ghana akauliza, anayechuna nani? Wanawake. Anayepika? Wanawake. Akasema basi nipeni, akala kwa vidole na yale mavazi yake. Wajerumani walipiga picha za masufuria. Mi nilikula pia na ni tamu sana, ulimi hasa, haipishani na supu ya kichwa unayokunywa Mtwara alfajiri isipokuwa hakuna ndimu, na nyama ya hivyo bila ndimu mi naona haijakamilika.

Soko la mitishamba liko juu, na juu namaanisha juu kweli, lipo kwenye daraja la barabara kuu iliyoanzwa ikaachwa bila kumaliziwa, wakaunganisha kwa njia ya waenda kwa miguu na waganga wakahamia. Unatembea hewani kati ya marundo ya magamba ya miti, mizizi, vitunguu vya porini, ngozi za wanyama ambao sitawataja, na chini yako magari yanapita. Hapa tuliambiwa hakuna picha bila ruhusa. Daktari akaanza mdahalo na mganga mmoja kuhusu dawa za kienyeji na ARV, mimi nikamvuta mkono, tumetoka kwenye mkutano wiki nzima tunaongea hayo hayo, pumzika baba. Nilichokipenda mimi ni impepho, majani makavu yamefungwa vifungu vifungu, wanachoma ili moshi upande juu wanapozungumza na wazee wao waliotangulia. Bibi yangu Masasi alikuwa anamwaga unga chini ya mti kwa kazi hiyo hiyo, na Jumapili yupo kanisani kiti cha mbele, na padri anajua.

Chini ya hapo mtaa wa Brook kuna makaburi ya Waislamu katikati kabisa ya biashara, na kaburi maarufu kuliko yote ni la Badsha Peer, mtu aliyekuja kama kibarua wa miwa mwaka 1860 akaishia kuheshimiwa kama walii, alifariki 1894. Upande huu wa ukuta watu wanasoma dua, upande wa pili mama anauza gauni za vitenge vya kwao vile vya shweshwe na sare za makanisa ya Kizioni, yale ya Kikristo yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe. Tulipita haraka, dada alikuwa anaangalia saa maana adhuhuri ilikuwa inakaribia.

Kanisa kuu la Emmanuel, la Katoliki, lilifunguliwa 1904. Msikiti wa Juma wa Grey Street, siku hizi mtaa unaitwa Dr Yusuf Dadoo, kiwanja chake kilinunuliwa 1881 na wafanyabiashara wa Kihindi. Vimepakana mgongo kwa mgongo, na katikati kuna kichochoro cha maduka kinaitwa Madressa Arcade, saa, mabegi, kofia, vitambaa, unaingia upande wa msikiti unatokea kwenye mlango wa kanisa. Kanisani tukaonyeshwa kaburi la Denis Hurley, aliyepewa uaskofu akiwa na miaka 31 tu na akapambana na ubaguzi wa rangi maisha yake yote. Pembeni kuna jengo lenye jina lake, wakati ule lilikuwa jipya, wanalisha watu wasio na makazi na kutibu bure wakimbizi, nikaingia kuchungulia zahanati yao maana nesi ni nesi, nikakuta foleni na dada wa mapokezi aliyechoka, nikajisikia nyumbani.

Msikitini ndo ziara yangu mimi ilipoanza, ile nyingine ilikuwa utangulizi. Kwanza nikamkumbuka Ahmed Deedat, yule mhubiri wa Kiislamu, alikuwa mtu wa Durban hii hii, kituo chake kiko jirani na msikiti. Sisi tuliokua miaka ya tisini tunamkumbuka, kanda zake za video zilikuwa zinazunguka mpaka Masasi, vijana wa Kiislamu wakitoka kuangalia wanakuja kutubana maswali ya Biblia sisi wa Anglikana mpaka tunamkimbilia mwalimu wa katekisimu. Mlangoni wanawake tukapewa vitambaa vya kujifunika, mi nikatoa kanga yangu kwenye mkoba, sisafiri bila kanga. Mzee wa Kihindi aliyekuwa anatupokea, mpole sana, akaiona, akaniuliza unatoka wapi dada. Tanzania. Akasema, basi ngoja, tuna Wazanzibari hapa.

Nikadhani ni wanafunzi au wafanyabiashara. Akaja mzee mweusi, mrefu, kofia nyeupe, umri labda sabini, Kiingereza na Kizulu ndo lugha zake. Akasema mimi ni Mzanzibari wa Chatsworth. Zanzibar hajawahi kuiona. Akatusimulia akiwa amesimama, na mwongozaji wetu aliacha kuangalia saa. Manowari za Waingereza zilikuwa zinakamata majahazi ya watumwa, waliookolewa wanapelekwa Zanzibar, na Natal walikuwa wanalia hawana vibarua, basi kuanzia 1873 mamia wakapakiwa wakaletwa Durban na kufungwa mikataba ya miaka mitano. Uhuru wa namna hiyo. Mikataba ilipoisha wengi walijikusanya sehemu inaitwa King's Rest upande wa pili wa bandari, na ardhi yao ilishikwa na wadhamini wa msikiti huu huu. Ndo maana hawakupotea. Halafu ukaja ubaguzi wa rangi, serikali ikakaa chini ikatafakari hawa Waafrika Waislamu tuwaweke fungu gani, wakaandikwa "Waasia wengineo", wakang'olewa King's Rest miaka ya sitini wakapelekwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi. Mzee aliposema hivyo akajigusa shavu, akatuuliza, mnamwona Mwasia hapa? Tukacheka, na yule mzee wa Kihindi alicheka kuliko wote.

Nikamuuliza, sasa Wazanzibari wa kabila gani, maana wale watumwa walitoka bara. Akanijibu kama jambo la kawaida kabisa: Makua. Sisi ni Amakhuwa.

Mimi ni Mmakua, baba na mama. Na Masasi yenyewe, kwa wasiojua, misheni yake ilianzishwa 1876 na Askofu Steere aliyetoka Zanzibar na kundi la watumwa waliokombolewa, alikuwa anaelekea Ziwa Nyasa wakaishia kwetu. Yani ni miaka ileile, Zanzibar ileile, watu walewale, hawa wakapanda meli ya kusini na wale wakarudishwa kwa miguu kule kule walikotekwa. Mmoja kaangukia mikononi mwa wenye msikiti na mwingine mikononi mwa askofu, ndo maana yeye anaitwa kwa jina la Kiislamu na mimi naitwa kwa jina la mtakatifu. Nilijaribu kumweleza haya yote kwa Kiingereza na maneno yakawa yanagongana.

Akasema haya, sema kitu. Nikamsalimia kama alivyonifundisha bibi. Akaitikia! Tukahesabu moja mpaka tano, na nilipofika tatu akanikatiza, hapana, hutamki hivyo, akalisema yeye, kwa lafudhi ambayo nimeisikia kwa vikongwe tu. Mimi niliyezaliwa Masasi nasahihishwa Kimakua na "Mwasia" wa Durban. Daktari alikuwa anarekodi kwa simu, na ile video ninayo mpaka leo, inatikisika kwa sababu alikuwa anacheka.

Adhana ikapigwa, mzee akaenda kuswali, ila kabla ya kwenda akaniuliza ukoo wa upande wa mama yangu, maana Wamakua ukoo tunaufuata kwa mama. Nikamtajia. Akasema mke wake atafurahi, hakufafanua. Akaniandikia namba yake. Ziara ilimalizikia mtaa wa Victoria, lile soko la viungo lililoungua 1973 likajengwa upya, kuna bizari imeandikwa kibandiko kwamba ni ya kuangamizia mama mkwe, daktari akanunua robo kilo. Tukala bunny chow, mkate umetobolewa katikati umejazwa mchuzi wa maharage, sikumaliza.

Namba ile nilimpa shangazi yangu wa Masasi, ambaye ndo mwenye Kimakua cha kweli kwenye familia, nikidhani atapiga mara moja aache. Wapi. Yule mzee Ijumaa anamtumia picha za dua, shangazi Jumapili anamtumia kwaya, na wakipigiana ni ubishi mtupu kuhusu hilo neno la tatu, shangazi anasema mzee analitamka kama watu wa Msumbiji, mzee anasema shangazi kaharibiwa na Kiswahili.