Siku moja maishani mwangu: chupa za Mto Ngong

Saa 12 asubuhi niko stage tayari, chupa ziko kwa begi zimefungwa na gazeti. Saa 1 niko Mukuru kando ya Mto Ngong. Natafuta zebaki kwa maji. Kila pointi nachota chupa mbili, moja naitia matone ya asidi ya nitriki ndio metali zisishike kwa kuta za chupa, nyingine naiacha vile ilivyo. Kuna mama alikuwa anamwagilia sukuma wiki akaniuliza, "Daktari, haya maji yako na sumu?" Nikamwambia mama nipe hadi jioni, akanipa namba yake.

Saa 4 niko maabara, nachuja. Kabla ya kuweka kitu chochote huwa namulika na taa ya UV, ile ya kukagua noti, na maji ya leo yaliwaka buluu yenyewe, kwa sababu sabuni ya unga iko na vitu vya kung'arisha nguo nyeupe na hivyo vinawaka, na uchafu uliooza pia unawaka hivyo hivyo. Ndio maana napenda rodamini, probu yangu, yaani rangi ya kuonyesha zebaki, yenyewe inawaka rangi ya machungwa, mbali na hiyo buluu. Molekuli yake inakaa imejikunja, haina rangi kabisa, zebaki ikiigusa inafunguka na maji yanakuwa pinki mbele ya macho yako.

Saa 6 tone la kwanza la rodamini, pinki papo hapo! Moyo ulinienda mbio aki, nikamfikiria yule mama na sukuma zake. Halafu nikaangalia lebo, kumbe nimeshika chupa ya asidi, na asidi nayo inafungua rodamini bila zebaki yoyote.

Nikarudia na ile nyingine, nikatia bafa ya pH 7, yaani dawa ya kuweka maji yasiwe na asidi wala magadi, kando yake maji safi na maji niliyotia zebaki mikrogramu 6 kwa lita, kile kiwango cha WHO cha maji ya kunywa. Lunch nikasahau. Hiyo niliyotia zebaki iliwaka, ya mto ikabaki kama maji safi.

Saa 11 nikampigia. Mama, zebaki haijaonekana, lakini hayo maji ni machafu sana, hizo sukuma zioshe na maji ya mfereji na uzipike ziive. Akauliza, "Na risasi je?" Hiyo probu yangu haioni metali ya risasi, nikamwambia hivyo. Chupa ya asidi iko kwa friji, kesho asubuhi inaenda kwa mashine kubwa ya kupima metali.