Pa Kutulia

Bibi alisimama katikati ya mchoro wangu, tenga la vyungu kichwani, akaniuliza, "Nitulie wapi?"

Nikadhani anatafuta pa kukaa. Nikamwonyesha kizimba nilichokuwa nimekihesabu kuwa namba 14, nikamwambia kwa heshima zote, "Karibu hapo, bibi. Kaa utulie."

Wanawake waliokuwa nyuma yake waliangua kicheko. Yeye hakucheka, maana mwenye vyungu kichwani hachekicheki ovyo. Alinitazama kwa macho tu, shingo imesimama wima, akasema, "Nitatuliaje na mzigo u kichwani, mjukuu wangu? Nauliza pa kutua."

Mchoro wenyewe haukuwa kwenye karatasi siku hiyo. Ulikuwa chini ya miguu yetu, umechorwa kwa majivu.

Ilikuwa Disemba 2009, msimu wa plamu, kwenye kijiji kimoja cha Usambara, juu ya Soni unapopanda kuelekea Bumbuli. Nilikuwa nimemaliza Chuo Kikuu Ardhi mwaka uliotangulia na nimeajiriwa kwenye ofisi ndogo ya usanifu majengo mjini Tanga. Shirika moja lilikuwa limetoa fedha za kujenga, kwa maneno ya barua yao, "soko na kituo cha utamaduni kwa wakulima na mafundi wa asili". Bosi wangu alikuwa na kazi nyingine zenye fedha zaidi, akanikabidhi mimi. Gulio la pale lilikuwa mara mbili kwa wiki, kando ya barabara, watu wakipanga chini juu ya viroba na maturubai: kabichi, karoti, nyanya, peasi, maharage, plamu kwa mafungu na kwa sado, na pembeni kabisa vyungu, vikapu na majembe ya wahunzi. Masika tope lilikuwa linafika kwenye vifundo vya miguu.

Kila aliyesomea kazi hii nchini ana jengo analolionea wivu. Langu lilikuwa soko la Kariakoo. Mwalimu wetu alitupeleka kulitazama tukiwa mwaka wa pili, akatusimamisha chini ya ile miavuli ya zege ya msanifu wake, Beda Amuli, miavuli iliyopinduliwa, inayotoa kivuli na papo hapo kukinga mvua na kuishusha chini kupitia ndani ya nguzo. Wenzangu waliteremka shimoni, soko la chini ya ardhi, kununua ndizi. Mimi nilibaki juu nimeinua kichwa mpaka mchukuzi mmoja akanipamia na gunia la viazi na kunitukana. Soko lile lilifunguliwa 1975, nami nilikuwa nimezaliwa baadaye, lakini nilijisikia kama mtu aliyepokonywa wazo lake. Basi nilipopewa kijiji changu, nikawachorea miavuli minne. Chini yake vizimba 36 vya zege vikizunguka uwanja wa duara wenye kipenyo cha mita 14, wa ngoma na maonyesho. Upande wa mashariki, banda la wafinyanzi, wageni wasimame watazame vyungu vikifinyangwa.

Ulikuwa mchoro mzuri. Nasema hivyo mpaka leo.

Nilipoupeleka kwenye mkutano wa kijiji, nikaubandika ukutani shuleni, walikubali kila kitu. Mwenyekiti alisema wamefurahi sana. Mama mmoja aliuliza kama miti niliyochora itakuja na jengo au wapande wenyewe. Nilitoka pale kifua mbele. Aliyenishusha alikuwa fundi mwashi, mzee wa makamo, ambaye ofisi ilikuwa imemweka kusimamia vibarua. Tulipokuwa tunakula kwa mama lishe alisema, bila kunitazama, "Injinia, hawa wamekubali karatasi. Soko hawajaliona." (Pale kijijini mwenye karatasi iliyokunjwa kwapani ni injinia. Nilijaribu kueleza tofauti ya mhandisi na msanifu majengo siku mbili, nikaacha.) Nikamuuliza tufanyeje. Akaomba gunia la majivu kutoka jikoni kwa mama lishe, kisha la pili, kisha la tatu.

Jumamosi jioni tulipigilia vigingi, tukavuta kamba, tukatembea kinyumenyume tukimwaga majivu kwa kopo la maziwa lililotobolewa. Vizimba vyote 36, duara, njia, banda, hata unene wa nguzo. Kiwanja kilikuwa mita 40 kwa 25 na kilishuka karibu mita 3 kutoka juu hadi chini. Kwenye karatasi nilikuwa nimelimaliza hilo kwa kuandika "kusawazisha". Kesho yake ilikuwa gulio. Mwenyekiti alipita akitangaza kuwa leo watu wapange biashara zao ndani ya mistari.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba uliwasikia watu kabla ya kuwaona. Walishuka kwa njia ya mlimani, safu moja, na jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kuupita mchoro wangu na kujipanga kandokando ya njia hiyohiyo waliyoshukia, kwa sababu wanunuzi na madalali wangeipita. Ndani ya duara la ngoma waliingia mbuzi wawili na watoto. Mwenyekiti akapaza sauti, ndipo wakaanza kusogea ndani, na hapo ndipo yule bibi akasimama katikati.

"Nitueni basi," alisema mwishowe, si kwangu.

Wanawake wawili waliacha kabichi zao wakaja. Mmoja alishika tenga upande huu, mwingine upande ule. Bibi akakunja magoti polepole, mgongo umenyooka, akashuka kama anayechuchumaa kwenye maji baridi, na wale wawili wakashuka naye mpaka tenga likakaa chini bila mlio. Ngata ilibaki kichwani. Aliivua, ya majani makavu ya mgomba, imelalia upande mmoja, akaipigapiga kwenye goti na kuiweka juu ya chungu. Ndipo akaniamkua yeye, kwa aibu yangu, kabla sijasema shikamoo.

Kuanzia hapo sikuona kitu kingine. Ni kama mtu aliyeambiwa kuna harufu ndani ya nyumba. Kila aliyefika alisimama kwanza, na mzigo kichwani, akigeuka na mwili mzima kutafuta mtu aliye na mikono mitupu. Wenye kabichi walijaribu kuinama na kuyaachia magunia, kabichi zikaanguka na kupasuka, na kabichi iliyopasuka bei yake ni nusu. Msichana mmoja mwenye ndoo ya plamu alizunguka vizimba vitatu akiita "nitue, nitue" kwa sauti ndogo, watu wakiwa na shughuli zao. Nilitoa daftari. Kwa saa moja nilihesabu wanawake 19 waliosimama wakingoja wa kuwatua. Miaka iliyofuata serikali ilikuja na kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani, ikasemwa kwenye redio kila siku, na kila nilipoisikia nilimwona yule msichana wa plamu.

Mchana, gulio lilipopoa, nilikwenda kukaa karibu na bibi. Nilinunua chungu nisichokihitaji. Nikamuuliza huko njiani anapotoka, mwendo wa saa moja na nusu, nani humtua akichoka. Akashangaa swali. "Si kuna jiwe."

"Jiwe gani?"

"Jiwe la kutulia. Kila njia ina jiwe lake. Sokoni kwenu ndiko hakuna."

Nikamuuliza na habari ya banda la wafinyanzi, kwa kuwa nilitaka nipate hata kitu kimoja cha kumridhisha. Alilitazama lile umbo la majivu upande wa mashariki, ambako upepo ulikuwa umeshaanza kulifuta. "Chungu hakifinyangwi sokoni, kinauzwa sokoni. Hapa pana upepo, kitakauka upande mmoja kipasuke. Na huo moshi wa kuchomea, mtaupeleka kwenye maandazi ya watu?" Kisha akapunguza sauti: "Na udongo wetu wanaume hawausogelei. Wageni wako watasimama wapi?" Sikuwa na jibu. Nilijua kutoka kwa mama yangu, ambaye ni Msambaa, kwamba ufinyanzi ni kazi ya wanawake, mama humwachia binti. Nilijua, lakini sikukumbuka nilipokuwa na kalamu mkononi.

Mimi na fundi tulipanda kwenda kulitazama hilo jiwe saa tisa alasiri. Kule chini Fuso zilikuwa zinapakia matenga ya nyanya ili alfajiri ziwe Dar. Tulitembea dakika 40. Lilikuwa jiwe la kawaida, refu kama kitanda, limejitokeza kutoka kwenye kingo ya njia; ungelipita usiligundue. Ila uso wake wa juu ulikuwa bapa na unang'aa, umesuguliwa na makapu ya watu ambao hakuna aliyewahesabu. Tukakaa kando kwenye nyasi. Haukupita muda, akapanda mama na mzigo wa chumvi, mafuta ya taa na kiroba cha unga. Hakusita wala kutazama. Alisogea upande wa chini wa jiwe, akageuza kichwa kidogo, akakunja magoti kiasi cha inchi chache, mzigo ukateleza kutoka kwenye ngata hadi juu ya jiwe. Alijifuta jasho kwa pindo la khanga, akatuamkia, akapumua. Kisha akaingiza kichwa tena chini ya mzigo, akanyoosha magoti, akaondoka. Mikono yake ilifanya kazi ndogo sana.

Nyuma yake kulikuwa na binti yake, miaka kumi hivi, na kapu dogo. Yeye alitua upande wa juu.

Fundi ndiye aliyeona kabla yangu. "Unaona? Jiwe limelala sawa, ardhi ndiyo inayoshuka. Mfupi anasimama juu, mrefu anashuka hatua mbili. Mlima wenyewe umewapimia."

Nilitoa futikamba. Upande wa juu, kutoka ardhini hadi usoni pa jiwe, sentimita 118. Upande wa chini, 156. Niliandika tarakimu hizo kwenye kiganja kwa sababu daftari nilikuwa nimelisahau kwa mama lishe, na nilikataa kunawa mkono huo usiku mzima.

Ule mteremko wa mita 3 ambao nilikuwa nimeufuta kwa neno moja ndio uliookoa soko. Mchoro wa pili haukusawazisha kiwanja. Ulikuwa na ukuta wa mawe wa mita 22 kuifuata njia ya mlimani, juu yake umelala sawa kwa pima maji, na ardhi chini yake ikishuka taratibu kutoka 118 hadi 156. Upana sentimita 60. Bibi alikataa juu pasakafiwe kwa saruji, akisema saruji inakula matako ya chungu, kwa hiyo tukaweka mbao za mkaratusi zilizopigwa randa. Miavuli yangu minne iliondoka. Fundi alikuwa ameshaiua tangu siku ya majivu, aliponionyesha majani ya miti yaliyolala kila mahali na kuuliza, kwa upole wa kuumiza, "Hii itakinga maji au majani?" Tukaweka bati juu ya kenchi za mbao, na mifereji wanayoweza kuisafisha kwa ngazi na ufagio.

Wafadhili hawakupenda. Waliandika kuuliza utamaduni uko wapi, na kama ukuta ni sehemu ya soko au ni uzio. Niliandika barua ya kurasa tatu ambayo bosi wangu aliipunguza kuwa nusu ukurasa na kuondoa kila sentensi niliyoipenda. Mwishowe tukakubaliana kubakiza jukwaa dogo, mita 6 kwa 4, na wao wakaridhika kwa kuwa jukwaa linapigika picha. Jambo moja sikulipatia dawa: nilitaka vyungu vikae na vyungu, kabichi na kabichi, akina mama walitaka kukaa na majirani wa kitongoji chao, ili mmoja akienda kununua chumvi mwingine amwangalizie mali. Walishinda wao. Madalali wananung'unika hadi leo.

Kariakoo iliungua Julai 2021. Nilikaa mbele ya simu usiku ule nikitazama moto ukitoka chini ya ile miavuli, na sikulala. Mwaka uliofuata nilikuwa na safari ya Lushoto, nikamwomba dereva akunje kona pale Soni, tupande.

Bati lilikuwa limeshika kutu pembeni. Jukwaani walikuwa wameanika maharage. Ukutani, mbao zilikuwa zimebadilishwa angalau mara moja, na za sasa zilishaanza kung'aa, hasa pale katikati. Kijana mmoja alikuwa amekaa juu yake akichezea simu, na mama mwenye tenga akamfokea kutoka mbali, "Toka hapo, ni pa kutulia hapo!" Akaruka chini. Jina lilikuwa limebaki.

Niliuliza habari za bibi. Wakaniambia yupo, siku hizi haji gulioni, vyungu vinaletwa na mjukuu wake. Mjukuu mwenyewe alikuwa anashusha mzigo kutoka kwenye bodaboda, tenga limefungwa kwa mipira nyuma ya kiti, dereva akiishika pikipiki kwa miguu yote miwili isilale kwenye mteremko. Ukuta ulikuwa juu mno kwake na ardhi ilikuwa chini mno. Alipomaliza, akanisogelea akijifuta mikono.

"Wewe ndiye injinia wa huu ukuta?"

Nikakubali, bila kusahihisha cheo.

"Shikamoo. Sasa sisi wa bodaboda tunatulia wapi?"

Nikarudi kwenye gari kuchukua futikamba.