Kuulizwa njia ugenini

Wiki iliyopita nilikuwa Deira, Dubai, nimebeba mfuko wa mitandio kila mkono, msichana mmoja akanisimamisha. Alitaka kujua kituo cha abra, zile mashua za kuvusha watu, kiko wapi. Nikamwambia afuate njia ya Sabkha mpaka ayaone maji, na asimsikilize mtu wa kumwambia apande teksi. Alikwisha potea kwenye msongamano ndipo nikagutuka. Ameniuliza mimi! Nilikuwa na sura gani hata nikaonekana mwenyeji?

Safari yangu ya kwanza ilikuwa 2011. Niliandika jina la hoteli kwa kalamu kwenye kiganja, jasho likalifuta kabla ya adhuhuri. Pasi niliishonea mfuko ndani ya buibui. Mahamri niliyotoka nayo nyumbani niliyala siku tatu, mpaka yakawa magumu kama kokwa, kwa sababu niliogopa kuingia mkahawani nikaulizwa neno nisilolijua. Na kila bei niliigeuza shilingi, kisha nikashika kichwa.

Kilichonituliza kidogo ni zile mashua. Abra huvuka Khor, ule mkono wa bahari, kwa dirhamu 1, watu wamebanana, harufu ya dizeli imechanganyika na maji ya chumvi. Feri ya Likoni tupu! Isipokuwa kwetu mwenda kwa miguu havuki kwa pesa, na hiyo dirhamu iliniuma kweli kweli siku hiyo.

Sasa miguu inajiendea yenyewe. Najua ngazi ipi ya bohari imevunjika na karani yupi hapunguzi bei mpaka amalize chai yake. Ijumaa adhuhuri sipangi kazi na mtu. Nateremka kwenye ndege, nasogeza saa mbele kwa saa moja, basi, nishafika. Zamani nilikuwa na moyo wa kwenda mbio hata nikiwa kitandani.

Lakini nisijisifu. Nilichokizoea ni vichochoro vichache tu. Burj Khalifa, mita 828 zote hizo, naliona kwa mbali kama mnara wa simu. Mtalii wa siku tatu ameiona Dubai kunishinda. Huenda ndiyo maana nimezoea: nimeacha kutazama. Ile mara ya kwanza nilitazama hata vifuniko vya mitaro.

Nilimsimulia khala habari ya yule msichana, nikitarajia anisifu. Akaendelea kuchambua mchele wake.

"Babu yako akenda Arabuni na kusi," akasema, "akangoja kaskazi ndipo arudi. Miezi, mwanangu. Wewe walala siku nne, wasema wapajua?"

Nikanyamaza. Mabaharia wa majahazi hawakuwa na la kufanya ila kungoja upepo, na katika kungoja wakaalikwa harusi, wakazika, wengine wakaoa huko huko. Mimi katika safari zote hizi sijaingia nyumba ya mtu hata moja. Wanaonijua Deira wananijua kwa deni na kwa vipimo vya nguo.

Na ajabu ni kwamba mji unaonitoka ni huu wangu, Mombasa. Mwaka 2018, majumba ya mjini yalipoanza kupakwa nyeupe na buluu, nilirudi nikapita duka la shoga yangu mara mbili bila kulitambua. Daraja la kuelea la Liwatoni lilipofunguliwa Januari 2021, majirani walikwisha livuka na kulichoka kabla mimi sijalikanyaga. Mpaka leo, nikifika Makupa na kuona palipokuwa na tuta sasa pana daraja, nageuza shingo kama mgeni wa bara aliyeshuka kwenye treni ya asubuhi. Kule sitazami, huku natumbua macho.

Jana alfajiri nimetua tena Mombasa. Usingizi umenijaa, mizigo imenikaa magotini, tuktuk ikakuta njia imefungwa kwa malori. Dereva, kijana mdogo, akageuka: "Nipitie wapi, mama?"

"Pitia Sabkha," nikamwambia, macho nimeyafumba.

Akapunguza mwendo. Akafikiri kidogo.

"Huo mtaa ni mpya? Mimi sijausikia."